Sikio na Kinywa: Soko la Vyombo vya Redio vya Mkono wa Pili na Hatima ya Redio ya Ridhaa katika Upare Kusini, 1939–1994

Utangulizi

Redio inayopokea na redio inayotuma ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili huundwa kwa koili, kapasita, valvu au transista, na waya wa antena. Fundi anayeweza kuifufua moja hahitaji elimu ngeni sana ili aielewe nyingine. Hata hivyo, katika historia ya Tanganyika na baadaye Tanzania, vyombo hivi viwili havikuwahi kuuzwa katika soko moja. Redio ya kupokea ilipochakaa iliuzwa kwa jirani, ikawekwa rehani, ikarithiwa, au ikavunjwa na kuwa spea. Redio ya kutuma ilipochakaa ilibaki mikononi mwa watu wachache wenye leseni, au ilifungashwa ikarudi ilikotoka. Makala haya yanachunguza asili ya mgawanyiko huo na matokeo yake kwa Upare Kusini, hususan ukanda wa tambarare ya mashariki wenye vijiji vya Bendera, Kihurio na Ndungu katika Wilaya ya Same.

Redio ya ridhaa, kwa maana inayotumika hapa, ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na mtu binafsi kwa kujifunza na kwa mapenzi yake, bila lengo la biashara, katika masafa yaliyotengwa kimataifa kwa kazi hiyo. Mkutano wa Washington wa mwaka 1927 uliitambua huduma hii na kuipa mikanda yake ya masafa. Kila mwenye leseni hupewa kitambulisho cha wito. Tanganyika ilitumia VQ3, Zanzibar VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Baada ya uhuru 5H ikawa ya Tanzania, 5Z ya Kenya na 5X ya Uganda. Anayeifuatilia historia ya redio ya ridhaa ya Tanganyika kwa njia ya vitambulisho hivyo hukutana, kwa sehemu kubwa, na Wazungu: wahandisi, wamisionari, maofisa wa serikali. Ni rahisi kuhitimisha kutokana na hapo kwamba Mwafrika wa kijijini hakuwa na uhusiano na redio zaidi ya kuisikiliza. Hitimisho hilo lina kasoro ya kusoma daftari la leseni na kuacha kusoma meza ya fundi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kilichokosekana Upare hakikuwa ujuzi wala hamu, bali njia ya kuupata mtambo wa kutuma kwa bei ya chombo kilichokwisha kutumika. Katika nchi ambako redio ya ridhaa ilipata kuwa shughuli ya watu wa kawaida, iliyoifikisha hapo ni bidhaa ya mkono wa pili. Kwa hiyo ni lazima kwanza kulitazama soko hilo lilivyozaliwa huko, kabla ya kuuliza kwa nini halikuvuka bahari.

Mabaki ya vita

Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, serikali ya Uingereza ilisimamisha leseni za redio ya ridhaa na kuchukua mitambo ya kutuma iliyokuwa majumbani. Leseni zilianza kurudishwa mwaka 1946. Waliozirudishia walikuta hali mpya kabisa: majeshi yalikuwa na ghala zilizojaa mitambo iliyotengenezwa kwa wingi usio wa kawaida, na ambayo haikuhitajika tena. Redio ya kupokea aina ya R1155 na mwenzake wa kutuma T1154, zilizobebwa na ndege za kivita za Waingereza. Mtambo namba 19 uliofungwa ndani ya vifaru. AR88 na HRO za Marekani: vyote hivi viliuzwa kama mabaki ya vita. Mtaa wa Lisle jijini London ulijaa maduka yake. New York ilikuwa na eneo lake la Cortlandt, lililobomolewa mwaka 1966 ili kupisha ujenzi wa World Trade Center.

Mtambo ambao serikali iliugharimia fedha nyingi uliweza sasa kununuliwa kwa mshahara wa kibarua. Mnunuzi aliubeba nyumbani, akaubadilisha mfumo wa umeme, akachomoa asichokihitaji, akalehemu anachokihitaji. Kazi hiyo ya kubomoa na kuunda upya ndiyo iliyokuwa shule. Kizazi kizima cha wanaridhaa wa Uingereza na Marekani kilijifunza elektroniki kwa kuharibu mali ya jeshi iliyouzwa kwa bei ya kutupa.

Wimbi la pili la bidhaa zilizotumika lilitokana na mabadiliko ya ufundi. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanaridhaa waliachana polepole na utumaji wa sauti wa mtindo wa AM wakahamia mtindo wa ukanda mmoja wa kando, unaotumia nguvu ndogo na nafasi ndogo ya masafa. Mitambo ya zamani ikapoteza thamani kwa wenye fedha na kuwafikia wasio nazo. Wimbi la tatu lililetwa na Wajapani. Mtambo kama Yaesu FT-101 wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenye transista nyingi na valvu chache tu za mwisho, ulinunuliwa, ukauzwa na kununuliwa tena duniani kote kwa miongo kadhaa.

Soko hilo lilikuwa na adabu zake. Matangazo madogo yalichapishwa katika majarida kama Short Wave Magazine. Muuzaji alitaja kitambulisho chake cha wito, na kitambulisho hicho kilikuwa dhamana yake, kwani mtu anayesikika hewani kila jioni hawezi kujificha baada ya kumuuzia mwenzake mtambo mbovu. Aghalabu wawili hao walikuwa wamekwisha kuzungumza kwa redio kabla ya kuonana. Uaminifu wa soko ulitoka ndani ya huduma yenyewe, na asiye na kitambulisho alibaki nje ya uaminifu huo hata alipokuwa na fedha mkononi. Jambo hili litaonekana tena.

Morse ilikuwa imekwisha kufika

Afrika Mashariki haikukosa mabaki ya vita. Mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea uliendeshwa kwa kiasi kikubwa na matrekta na magari yaliyoachwa na majeshi, baadhi yakiwa vifaru vilivyogeuzwa. Chuma cha vita kiliruhusiwa kuingia mikononi mwa raia pale kilipokuwa cha kulima na kubeba. Mtambo wa kutuma sauti ulikuwa suala jingine.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na watu wa kuupokea. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita chini ya Milima ya Upare kwa upande wa magharibi, na stesheni zake, tangu Mkomazi hadi Hedaru, Makanya na Same, ziliunganishwa kwa waya wa simu ya maandishi. Milio ya Morse ilisikika katika stesheni hizo miaka mingi kabla ya redio ya kwanza kuwekwa mezani katika nyumba ya Mpare. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kikosi cha ishara cha jeshi la Afrika Mashariki kiliwafundisha askari Waafrika waliojua kusoma na kuandika kutuma na kupokea Morse, kutunza betri na kutega antena. Upare, iliyokuwa na shule za misheni za Walutheri na Waadventista tangu mwanzo wa karne, ilikuwa sehemu ya nchi ambako kijana wa sifa hizo hakuwa adimu.

Askari huyo alirudi nyumbani akiwa na sharti gumu zaidi kati ya masharti ya leseni ya ridhaa. Hadi mwaka 2003 kanuni za kimataifa zilimtaka kila mwenye leseni ya masafa mafupi awe amefaulu Morse. Nchini Uingereza kipimo kilikuwa maneno 12 kwa dakika, pamoja na mtihani wa nadharia wa City and Guilds ulioanza mwaka 1946. Vijana wengi wa Kiingereza waliangushwa na Morse. Aliyekuwa ameitumia vitani alikuwa amekwisha kuuvuka mto huo. Alichokosa ni mtambo.

Inafaa kukumbuka mazingira ya kisiasa ya siku zile. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kupinga kodi ya mbiru na kukaa huko kwa majuma, habari ambayo Isaria Kimambo ameieleza kwa kina. Harakati hizo ziliratibiwa kwa miguu na kwa mdomo, tarafa hadi tarafa, bila waya wala betri. Kwa maoni ya mwandishi, utawala uliokuwa umeshuhudia uratibu wa namna hiyo usingetarajiwa kufurahia wazo la mtambo wa jeshi kuuzwa mnadani kwa askari aliyestaafu mlimani.

Leseni kama ukuta wa soko

Wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, masuala ya redio katika Tanganyika, Kenya na Uganda yalikuwa chini ya shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake la posta na simu. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1993 ikalivunja na kutenganisha usimamizi na biashara. Majina yalibadilika, lakini kanuni ya msingi ilibaki: mtambo wa kutuma hauwi mali kamili ya mtu kwa kuulipia bei. Ni lazima kuwe na leseni inayomruhusu kuwa nao.

Maana ya kanuni hiyo kwa biashara ya mkono wa pili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bidhaa ya kawaida iliyotumika hushuka bei mpaka impate mtu wa kuimudu. Mtambo wa kutuma hauwezi kushuka hivyo, kwa kuwa idadi ya wanunuzi halali haiongezeki bei inapopungua. Ofisa aliyemaliza mkataba wake na kuondoka alikuwa na njia tatu: kumuuzia mwenye leseni mwenzake, kuurudisha kwao, au kuuacha kwa taasisi iliyokuwa na kibali. Wasafiri waliokwenda Zanzibar kwa siku chache ili kitambulisho cha VQ1 kisikike duniani walibeba mitambo yao na kuondoka nayo. Kwa njia hiyo vyombo viliingia nchini na kutoka kama maji yapitayo juu ya jani la mgomba.

Uhuru haukuulegeza ukuta huu, na sababu si ngumu kuziona. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalitangazwa kwa ulimwengu kupitia redio, na tarehe 20 ya mwezi huohuo askari walioasi Dar es Salaam walikiteka kituo cha redio. Katika siku nane serikali mbili zilionyeshwa kwamba mwenye kipaza sauti ana sehemu ya dola. Baadaye Dar es Salaam ikawa makao ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, vilivyotangaza kwa nchi zao kupitia Redio Tanzania, na nchi ilikuwa na maadui wa kweli wenye sababu ya kweli ya kupandikiza mitambo ya siri. Mtafiti wa leo anaweza kuwasikitikia wanaridhaa, lakini hawezi kusema hofu ile ilikuwa ya kubuni.

Waliopewa kibali cha kutuma walikuwa mashirika: polisi, hifadhi za wanyama, misheni, hospitali. Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957 ilijenga mtandao wa redio ulioziwezesha hospitali za mbali kumwita daktari. Watu waliviita vyombo vya namna hii simu ya upepo. Navyo vilipochakaa havikwenda gulioni. Viliorodheshwa, vikafutwa katika daftari la mali na kuwekwa stoo.

Redio ya kupokea inavyopita mikononi

Upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwa kinyume kabisa, na hapa ndipo historia ya Bendera na jirani zake inapopata uhai.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikafuatiwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, lililotaifishwa mwaka 1965 na kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957. Mwanzoni vyombo vilikuwa vya valvu na vilihitaji betri za aina mbili: moja ya kupasha moto nyuzi za valvu, nyingine nzito yenye nguvu ya volti 90 hivi. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin alikuwa amefanikisha mwaka 1949 redio ya bei nafuu kwa Waafrika, yenye umbo la sufuria, iliyouzwa kwa pauni 5 na ambayo betri yake ilidumu takriban saa 300. Tatizo la redio hizo katika soko la mkono wa pili lilikuwa dhahiri. Betri ilipokwisha, mmiliki alibaki na sanduku. Mnunuzi wa redio iliyotumika alikuwa kwa hakika ananunua deni la betri.

Transista iliondoa kikwazo hicho. Redio ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliridhika na mawe manne au sita yaleyale ya tochi, yaliyopatikana katika duka lolote la kijiji. Tangu hapo ikawezekana chombo kuuzwa mara tatu au nne bila kupoteza kazi yake. Katikati ya miaka ya 1960 Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam kilichotoa betri na redio za National; Philips ikaunganisha redio zake Arusha. (Jina National linawachanganya baadhi ya watafiti. HRO ya wanaridhaa ilikuwa ya kampuni nyingine yenye jina hilo huko Massachusetts, na ndiyo sababu Matsushita ililazimika kutumia jina Panasonic nchini Marekani.)

Kwa kaya ya Upare redio ilikuwa akiba yenye sauti. Mlimani fedha ilikuja kwa msimu wa kahawa. Kwenye tambarare ilikuja kwa mshahara wa mashamba ya mkonge na kwa mpunga. Redio ilinunuliwa fedha ilipokuwapo na iliuzwa au kuwekwa bondi ilipohitajika ada ya shule, nauli ya hospitali au mahindi ya kiangazi. Ng'ombe naye alifanya kazi hiyo, lakini ng'ombe hauzwi nusu, na kumwuza ni shauri la ukoo mzima. Redio iliuzwa na mtu mmoja, jioni moja. Kwa sababu hiyohiyo ilikuwa mali inayoibika, na mauziano yaliyofanywa kwa uangalifu yaliandikiwa karatasi mbele ya shahidi. Baada ya kuanzishwa kwa mashina ya TANU, shahidi aliyefaa zaidi alikuwa balozi wa nyumba kumi. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha wito cha soko la kijijini. Ilifanya kazi ileile ya kumwambia mnunuzi kwamba muuzaji anajulikana na hawezi kutoweka.

Ukaguzi wa redio iliyotumika ulikuwa na utaratibu wake, na bado unajulikana kwa kila aliyewahi kuinunua. Mnunuzi huja na mawe yake mwenyewe, maana mawe ya muuzaji huenda yameanikwa juani asubuhi ili yapate nguvu ya muda. Hufungua nyumba ya betri na kutazama kutu ya kijani kwenye springi, dalili ya betri kuvuja ndani. Huzungusha kitufe cha sauti polepole akisikiliza mikwaruzo. Huvuta mshale kutoka mwisho mmoja wa kioo hadi mwingine, kuona kama uzi unaouendesha umelegea. Huitikisa karibu na sikio. Kipande cha ferite kilichovunjika hugonga. Kisha huiwasha usiku, kwa sababu masafa mafupi huamka jua linapozama, na redio iliyo bubu adhuhuri inaweza kuwa nzima kabisa saa mbili usiku.

Hapo usiku ndipo masoko mawili yalipogusana bila kujuana. Mkanda wa mita 41 uliomo katika redio nyingi za bendi tatu ulikuwa umepakana na mkanda wa ridhaa uliokuwa chini kidogo ya megahezi 7.1. Mshale ukisogezwa nywele moja nje ya kituo cha utangazaji, redio hutoa sauti kama ya bata anayezungumza. Ni wanaridhaa wanaotumia ukanda mmoja wa kando, mtindo ambao redio ya kawaida haina kifaa cha kuufasiri. Mnunuzi asiyejua angeweza kabisa kuidhania sauti hiyo kuwa ubovu wa chombo na kuomba apunguziwe bei.

Kampeni za elimu ya watu wazima ziliongeza mahitaji ya redio nzima. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaleta watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma vilivyosikiliza vipindi kwa majuma 12, ikafuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Kikundi hakikuhitaji redio mpya. Kilihitaji redio inayosema siku ya kipindi. Nyuma ya kila kikundi cha namna hiyo alihitajika mtu wa kuifanya iseme.

Mtu huyo ni fundi redio, ambaye kwa maoni ya mwandishi ndiye mwanaridhaa ambaye historia imemnyima jina. Alijifunza kama walivyojifunza vijana wa London baada ya 1946: kwa kuvunja chombo kilichokufa ili kufufua kinachougua. Alipasha moto kipande cha chuma kwenye makaa akalehemu. Alibana betri za nje kwenye kisanduku cha mbao pale nyumba ya betri ilipooza. Alitambua kapasita iliyochoka kwa mlio wake. Alitega waya mrefu kutoka mwembe hadi kwenye paa ili kuinasa Dar es Salaam, akijua kwa uzoefu kile ambacho mtihani wa City and Guilds ulikiuliza kwa fomula. Tofauti yao ilikuwa moja: mzoga uliofika mezani kwake ulikuwa daima wa redio ya kupokea. Katika mizoga hiyo hakuna sehemu ya kutuma ya kujifunzia.

Mpaka uliofungwa

Bendera haitazami Moshi. Milima yenye kilele cha Shengena, mita 2,462, iko mgongoni mwake, na mbele kuna Mkomazi na nchi ya Kenya. Kwa mawimbi ya redio hali hiyo ni muhimu, kwani upande wa mashariki uko wazi na upande wa magharibi umezibwa. Kwa biashara pia ilikuwa muhimu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo karibu saba, iliyojumuisha vita vya Kagera na ukosefu mkubwa wa fedha za kigeni, viwanda vya ndani vilikosa vipuri na maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa yalikosa betri.

Bidhaa mpya inapotoweka, iliyotumika hupanda cheo. Redio ya zamani iliyokuwa nzima ikawa na thamani isiyolingana na umri wake, na redio mbovu ikawa ghala la spea. Magendo yalileta transista na mawe kwa njia za porini. Kisha ikaja operesheni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo kuwa na bidhaa usizoweza kueleza ulikozipata kulitosha kumtia mtu mashakani. Wenye mali walizificha na wengine walizitupa. Katika mazingira hayo karatasi ya balozi ilipata uzito mpya, kwani redio kuukuu yenye karatasi ilikuwa salama kuliko mpya isiyo nayo.

Baada ya 1984

Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa zilikotoka. Mitumba ya nguo ndiyo inayokumbukwa zaidi, lakini redio kaseti nazo ziliingia, mpya na zilizotumika. Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990, iliongeza fedha ya mpunga katika ukanda huu. Redio ya bendi tatu ilianza kuonekana ya kizee mbele ya chombo kinachocheza kanda.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kwa ruhusa ya redio binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, na utangazaji ukahamia FM. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima hutupa kivuli. Lakini jinsi minara ilivyoongezeka ndivyo masafa mafupi yalivyopoteza wasikilizaji. Redio isiyo na FM ikawa haiuziki hata ikiwa nzima. Kwa mwanaridhaa wa nchi nyingine redio ya masafa mafupi iliyokosa mnunuzi ni neema, maana huichukua kwa bei ndogo na kuirekebisha. Upare haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa, na vyombo vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hutoa shaba ya koili na sumaku ya spika na kuacha mengine.

Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 imeendeleza kanuni ya zamani kwa lugha mpya: vifaa sharti viidhinishwe, na anayeviingiza, kuvisambaza au kuviuza awe na leseni. Redio ndogo za mkononi kutoka China, zenye uwezo wa kutuma, zimeshuka bei duniani kiasi cha kuikaribia redio ya kawaida. Kwa mara ya kwanza kikwazo cha bei kimeondoka na kilichobaki ni leseni peke yake.

Kwa mtafiti wa kipindi kilichojadiliwa hapa, hifadhi muhimu imo katika masanduku ya mafundi redio, si katika majalada tu. Wamiliki walikuwa na desturi ya kuchora majina yao kwa ncha ya msumari, mmoja chini ya mwingine kadiri redio ilivyouzwa, na mahali palipopendwa ni upande wa ndani wa kifuniko cha betri. Kifuniko hicho ndicho sehemu ya redio inayopotea kwanza. Redio nyingi zilizosalia zimefungwa mahali pake kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.